Kutafuta hitilafu bila kuzima -O2: programu ya mizani ya korosho

Programu ya C inayosoma mizani ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na kukokotoa malipo ikianza vituko, wengi tunakimbilia `-O0`, yaani kuijenga bila uboreshaji wa kompaila. Lakini inayofanya kazi kwenye ghala la Tandahimba ni ya `-O2`, iliyoboreshwa na kompaila iende kasi, na hizo ni programu mbili tofauti.

Chukua mnada mmoja: kilo 800,000 kwa shilingi 3,000 ni 2,400,000,000. `int` ya biti 32 inakomea 2,147,483,647. Mtu makini, anapoongeza malipo (`kiasi`) kwenye `jumla`, ataweka kinga:

    if (jumla + kiasi < jumla) return KOSA;

Kwa kanuni za C, `int` ikifurika hakuna tokeo lililoahidiwa. Kwa hiyo kompaila ikishajua `kiasi` ni zaidi ya sifuri, ina ruhusa ya kuufuta mstari wote. Kwenye `-O0` kinga inaweza kufanya kazi vizuri mezani kwako Mtwara mjini, halafu ghalani isiwepo kabisa. Hitilafu ya namna hii huipati kwa kuzima uboreshaji, unaificha.

Hatua ya 1: jenga kwa -O2 pamoja na -g

    gcc -O2 -g -o mizani *.c
    objcopy --only-keep-debug mizani mizani.debug
    strip --strip-debug mizani
    objcopy --add-gnu-debuglink=mizani.debug mizani

Wapo wanaodhani `-g`, inayoongeza taarifa za kutafuta hitilafu, inapunguza kasi. Kinachoongezeka ni ukubwa wa faili, na ndiyo maana tunazitenga taarifa hizo. Ghalani unapeleka `mizani` nyepesi, `mizani.debug` unabaki nayo. Programu ikianguka Newala, karani anakutumia faili la core, yaani nakala ya kumbukumbu ya programu ilipoanguka (washa `ulimit -c unlimited` mapema), nawe unalifungua kwa gdb, programu ya kuchunguza hitilafu, bila kupanda gari.

Hatua ya 2: zoea lugha ya gdb

Anza na `bt`, inayoonyesha mlolongo wa funksheni zilizoitana. Ukikuta `<optimized out>`, usikate tamaa: thamani haikuhifadhiwa mahali hapo tu. Andika `up` uende kwa aliyeita. Mara nyingi namba ile ile bado iko huko. Mstari kuruka kutoka 40 hadi 43 kisha kurudi 41 ni kawaida, kwa sababu kompaila imepanga upya kazi. Mimi huweka vituo (breakpoints) kwenye miito ya funksheni, kisha natumia `continue`. Kutembea mstari kwa mstari kwenye `-O2` kunachosha bure.

Hatua ya 3: legeza faili moja tu

    gcc -Og -g -c hesabu.c

Mengine yabaki `-O2`. `-Og`, uboreshaji mwepesi usiovuruga uchunguzi, ipo tangu GCC 4.8 ya mwaka 2013. Kama hitilafu imetoweka baada ya kulegeza, hiyo ni habari kubwa: tafuta kigeugeu kisichopewa thamani ya mwanzo, au hesabu inayofurika. Jenga tena kwa `-O2 -g -fsanitize=undefined`; mfuriko ukitokea utatajiwa faili na mstari. Kwa hesabu yetu dawa ni `int64_t` (namba ya biti 64), na kuzidisha kwenyewe kufanyike ndani ya `int64_t`.

Hatua ya 4: pima mistari iliyoguswa na majaribio

Hapa napendelea Clang, kwa sababu inaweka vihesabio (vya kuhesabu kila sehemu imepitiwa mara ngapi) kwa kufuata msimbo ulivyoandikwa, kabla uboreshaji haujaanza.

    clang -O2 -g -fprofile-instr-generate -fcoverage-mapping *.c -o pima
    LLVM_PROFILE_FILE=p.profraw ./pima
    llvm-profdata merge -sparse p.profraw -o p.profdata
    llvm-cov show ./pima -instr-profile=p.profdata

Ukilisha mnada wa kilo 800,000 na `return KOSA` ikabaki na 0, umeshajua kinga imekwenda wapi.

Wa GCC watumie `-O2 --coverage`, kisha `gcov`. Uboreshaji unaweza kuunganisha mistari, kwa hiyo idadi ya mstari mmoja mmoja isikutie wasiwasi. Funksheni ndogo unayotaka kuiona peke yake ipe `__attribute__((noinline))`. Programu yenye nyuzi (threads) nyingi iongezee `-fprofile-update=atomic`, la sivyo vihesabio vinaweza kupoteza namba. Na faili la `.gcda`, lenye vihesabio hivyo, huandikwa programu inapotoka kwa utaratibu. Umeme ukikatika au ukitumia `kill -9`, vipimo vya mzunguko huo vimepotea. Programu isiyozimwa siku nzima iite `__gcov_dump()` kisha `__gcov_reset()` kila baada ya muda.