Kupanda klivia kwenye bustani ya mawe yenye kivuli, hapa Nairobi

Karibu kila ua mjini una kona moja ambayo jua haliifikii vizuri. Nyasi hukataa, waridi hurefuka bila kutoa ua, na mwishowe kona inageuzwa mahali pa kutupia mabomba ya zamani na makopo ya rangi. Kona hiyo ndiyo ninayoitafuta nikitaka kupanda klivia.

Ninayoizungumzia ni Clivia miniata, ile ya maua ya rangi ya machungwa yanayotoka kwa kichala juu ya kikonyo kimoja. Ni mmea wa kudumu, majani yake hubaki kijani mwaka mzima. Kwao ni misitu ya mashariki ya Afrika Kusini na Eswatini, ambako huota chini ya miti, mara nyingi katikati ya mawe, mizizi ikiwa imejishika kwenye majani yaliyooza kuliko kwenye udongo wenyewe. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni nyepesi. Na Nairobi ina kitu kimoja ambacho Mombasa haina: baridi ya Juni hadi Agosti, yenye mvua kidogo. Klivia huhitaji wiki kadhaa za usiku wenye baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, ndipo itengeneze kikonyo cha maua. Mtu wa Ulaya huhamisha vyungu vyake kutoka chumba hadi chumba ili aipate baridi hiyo. Sisi tunaletewa bure.

Hatua ya 1: Chagua mahali, na usidanganywe na vitabu vya ng'ambo

Vitabu vingi vitakuambia upande kwenye upande wa kaskazini wa ukuta, kwa kuwa huko kwao jua halifiki. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, Desemba hupita kusini. Kwa hiyo kona iliyo kusini mwa ukuta wako itakuwa na kivuli kizuri Julai, halafu Desemba na Januari ichomwe vibaya, tena wakati ambapo jua ni kali. Nimeona majani ya klivia yaliyobabuka namna hiyo: mabaka meupe yanayogeuka kahawia na kukauka kama karatasi, na jani likishababuka halirudi.

Kinachofanya kazi ni upande wa mashariki wa nyumba au ukuta, unaopata jua la asubuhi tu, au chini ya mti mkubwa wenye kivuli chepesi. Mukinduri ni mzuri, jakaranda pia, na mparachichi hufaa ukiupunguza matawi ya chini. Mkaratusi achana nao. Unakunywa maji yote na hakuna kitu kitakachostawi chini yake. Upande wa magharibi, lile jua la saa tisa alasiri, usijaribu bila mti wa kuukinga.

Hatua ya 2: Jua udongo wako kabla ya kununua jiwe hata moja

Ukiwa Karen, Runda, Westlands au pande za Kiambu, huenda una udongo mwekundu, unaopitisha maji vizuri. Hapo unaweza kuchimba kidogo, kama sentimita 20, na kujenga juu yake. Ukiwa Embakasi, Syokimau au pande nyingine za mashariki na kusini mwa jiji, huenda una udongo mweusi ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu wakati wa masika. Usichimbe shimo kwenye udongo huo. Shimo litajaa maji mvua ya Aprili ikianza, na klivia itaozea ndani. Inua bustani yote juu ya ardhi, nusu mita au zaidi.

Hatua ya 3: Panga mawe

Mawe ya kuchongwa kwa mashine, kama yale ya Ndarugo tunayojengea nyumba, hayapendezi hapa. Hata uyapange vipi yataonekana kama ukuta uliobomoka. Tafuta mawe yasiyochongwa, lile jiwe gumu la kijivu linalochimbwa hapa hapa Nairobi, na uchukue ya ukubwa tofauti: machache makubwa ya kuinuliwa na watu wawili, na mengine ya kubebeka kwa mkono mmoja.

Anza na tabaka la mawe yaliyovunjwa, unene wa sentimita 15 hadi 20, ili maji yawe na pa kukimbilia. Usitumie vifusi vya mjengo vyenye simiti na plasta. Vina chokaa, na klivia hupenda udongo wenye asidi kidogo. Kisha weka mawe makubwa. Kila moja lizike theluthi yake, na ulilaze kidogo kuelekea ndani ya kilima ili mvua iteremke kwenye mizizi badala ya kumwagika nje. Panda juu yake usimame. Likicheza, litoe ulipange upya. Jiwe linalocheza leo litaporomoka mvua ikinyesha. Katikati ya mawe acha mifuko ya udongo yenye upana wa sentimita 40 na kina cha 30.

Hatua ya 4: Changanya udongo

Hapa ndipo watu huharibu. Mizizi ya klivia ni minene kama kidole, na ngozi yake ya nje ni nyeupe na laini kama sponji, inayofyonza maji haraka. Ikifungiwa kwenye udongo mzito usio na hewa inaoza, na jani la juu litakuwa la mwisho kukuambia.

Mimi huchanganya kwa karai: makarai mawili ya majani yaliyooza vizuri, moja la mchanga wa mto wenye chembe kubwa, moja la kokoto ndogo, na moja la udongo mwekundu. Ukipata vipande vya makaa kwa muuza makaa jirani, ongeza konzi chache, ila upepete vumbi kwanza. Chota mchanganyiko ukiwa na unyevu, ufinye mkononi, ufungue. Ukibaki donge, ongeza mchanga na kokoto. Ukisambaratika ukiugusa tu kwa kidole, uko sawa.

Hatua ya 5: Nunua na upande

Vitalu vya kando ya barabara, kwa mfano Ngong Road na Limuru Road, huwa na klivia. Ukiweza, nunua wakati zina maua ili ujue rangi unayolipia. Shika mmea pale majani yanapokutana na udongo na uutikise taratibu. Ukilegea kama jino bovu, shingo imeoza; mrudishie muuzaji, hata akikupunguzia bei. Mmea wenye majani kumi na mawili hivi au zaidi umekaribia umri wa kutoa maua.

Panda kati ya katikati ya Machi na mwanzo wa Mei, ili mizizi ishike kabla ya baridi. Usiipangue mizizi kwa nguvu. Klivia hupenda kubanana, ndiyo maana nafasi finyu za katikati ya mawe huifaa. Shingo ibaki usawa wa udongo au juu kidogo. Isizikwe kamwe. Kati ya mmea na mwenzake acha sentimita 40. Juu tandaza majani makavu, lakini yasiguse shingo.

Hatua ya 6: Maji, kwa kufuata majira

Masika, iache mvua ifanye kazi. Kuanzia katikati ya Juni funga mfereji kabisa. Manyunyu ya Julai hayana neno kama mawe yako yanapitisha maji. Wewe tu usiongeze. Ukimwagilia miezi hii utapata majani ya kupendeza na ua hakuna, au kikonyo kitakwama katikati ya majani na maua yafungukie humo humo chini. Subiri hadi kikonyo kitokeze na kufika urefu wa sentimita 15, mara nyingi Agosti au Septemba, ndipo urudishe maji.

Januari na Februari mwagilia mara moja kwa wiki, maji ya kutosha kufika chini. Mtaa wenu ukiwa na mgao wa maji, msihofu. Klivia inavumilia kiu kuliko maua mengi ya bustani.

Mbolea si jambo kubwa. Samadi iliyooza, tabaka jembamba, Machi na tena maua yakikwisha. CAN, ile mbolea ya dukani ya nitrojeni, iache shambani kwenye mahindi.

Hatua ya 7: Wadudu na watoto

Adui mkubwa ni kiwavi mweusi mwenye mistari ya njano. Akiwa mdogo hula ndani ya jani, kati ya ngozi mbili, na kuacha mabaka yanayopitisha mwanga. Ukiona hivyo, kata kipande hicho na ukiponde chini ya kiatu siku hiyo hiyo, kwa sababu wakishuka hadi shingoni mmea wote unaweza kufa. Konokono hujificha chini ya mawe yako mazuri. Zunguka na tochi usiku baada ya mvua.

Klivia ina sumu, hasa mizizi na sehemu ya chini. Mbwa anayependa kuchimba, au mtoto anayeweka kila kitu mdomoni, asiachwe karibu nayo wala karibu na yale matunda yake mekundu. Nawa mikono ukimaliza kazi.

Hatua ya 8: Kuongeza miche

Njia ya haraka ni kutenganisha vichipukizi baada ya maua. Subiri kila kimoja kiwe na majani manne au zaidi na mizizi yake, ukate kwa kisu safi, uache jeraha likauke siku mbili kivulini.

Mbegu ni kazi ya subira. Tunda huchukua miezi tisa au zaidi kuiva. Likishakuwa jekundu kabisa, limenye, osha mbegu mpaka utelezi uishe, kisha uibonyeze juu ya mchanga wenye unyevu bila kuifukia. Mbegu ya klivia haifai kukaushwa na kuwekwa. Baada ya mwezi au zaidi mzizi utatoka; ukielekea juu, usaidie kwa kijiti uingie mchangani. Angalia pia chini ya mche: wenye wekundu kwenye shina utatoa maua ya machungwa, ule wa kijani tupu huenda ukawa wa njano. Mche wa njano uutie alama na uupande kwenye mfuko wake peke yake, kwa kuwa itachukua miaka mitatu hadi mitano kabla hujaona ua, na kufikia hapo utakuwa umesahau upi ni upi.