Mgeni ana saa saba tu Dar: namna ya kumtembeza na kumfikisha uwanjani kwa wakati

Kazi ya kumtembeza mtu anayeunganisha ndege huanzia mwisho. Kabla sijamuuliza anapenda nini, namuuliza ndege yake ya pili inaondoka saa ngapi, kisha nahesabu kurudi nyuma. Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni Dar es Salaam. Naona wengi wenu mnajua historia ya mji vizuri, ila hesabu hii mnaiacha kwa dereva.

Tuchukue mgeni anayetua saa mbili asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri kwa ndege ya kimataifa. Kwenye karatasi ana saa saba. Saa ya kwanza inaishia kwenye foleni ya uhamiaji. Kutoka uwanjani hadi Posta, katikati ya mji, ni kama kilomita 12, weka dakika arobaini na tano. Kwa hiyo anakanyaga mji saa nne kasoro robo. Akiwa na pasi ya kupandia ndege mkononi na mizigo yake imeshapelekwa moja kwa moja, mimi namtaka mlangoni pa uwanja saa saba mchana, na safari ya kurudi naipa saa nzima. Maana yake tunaondoka Posta saa sita. Saa saba za tiketi zimezaa saa mbili na robo za kutembea. Kama mizigo anatakiwa aikabidhi upya kaunta, toa saa moja nyingine. Umebaki na saa moja na robo, inayotosha mitaa michache na kikombe cha kahawa.

Kwa hesabu hiyo, mtu mwenye chini ya saa sita namwambia ukweli kwamba abaki uwanjani apumzike. Hela yake naitaka, lakini sitaki aione Dar kwa kuangalia saa ya mkononi.

Saa zenyewe ziandikeni kwa namna zote mbili. Tiketi ikisema 15:00, mtumie ujumbe wenye 15:00, na dereva mwandikie saa tisa alasiri. Mgeni akikwambia kwa mdomo "saa tatu", usiipokee hivyohivyo. Mwombe akuonyeshe tiketi.

Tiketi hiyo ina mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, ni tiketi moja au mbili tofauti? Watu wetu wengi wananunua vipande vipande ili kupunguza gharama: kipande cha kumleta Dar kivyake, cha Dubai au Muscat kivyake. Huyo mizigo yake haiunganishwi. Ataichukua, ataipitisha forodhani, na mtazunguka nayo kwenye gari. Pili, anaondokea jengo gani? Jengo la Tatu, lililoanza kutumika 2019, na Jengo la Pili si mlango kwa mlango. Anayekwenda Zanzibar au Mwanza na anayekwenda Ulaya huenda wakaishia sehemu mbili tofauti. Tatu, pasipoti ya wapi? Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kama Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hahitaji viza. Wengine wengi wanahitaji hata kama wanatoka nje kwa asubuhi moja. Viza ya kupita ni dola 30, ya kawaida ni dola 50, na Mmarekani analipa 100. Mshauri aombe mtandaoni kabla ya kusafiri, kwa sababu ile saa moja niliyoipigia hesabu pale juu inaweza kuwa mbili akianzia dirishani. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano awe na kadi yake ya chanjo mfukoni, asiiache kwenye begi lililopelekwa mbele.

Kuhusu gari: muwe wawili, wewe na dereva. Mwongozaji anayeendesha mwenyewe atatumia nusu ya muda wa mgeni kutafuta maegesho Posta. Dereva wangu anatushusha sehemu moja na kutusubiri nyingine, na wakati wote simu yake iko hewani.

Njia yangu ya saa mbili ni ya miguu, kama kilomita mbili tu, na huanzia Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, mkabala na boti za Zanzibar. Hapo ndipo mji ulipoanzia kuwa mji. Sultani Majid bin Said alilijenga miaka ya 1866 na 1867 kwa matumbawe, kando ya kijiji cha Mzizima, ili wageni wake wapate pa kulala. Majid alifariki 1870 na ndugu yake Barghash hakuujali tena mji huu, mpaka Wajerumani walipouhamishia makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mambo haya nayasema mlangoni, mgeni akiwa ameshika mbao za ule mlango wa kuchonga, dakika tano basi. Ndani kuna kituo kinachoonyesha historia ya majengo ya Dar, na ghorofani unaiona bandari. Msimpeleke mtu Boma bila kupanda juu.

Nilimpeleka pale bibi mmoja wa Muscat, anasubiri ndege ya jioni na mjukuu wake. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. Mjukuu alitaka kuona maduka. Bibi alitaka kukaa kwenye benchi la muuza kahawa, anywe kahawa chungu na kashata, aulize bei ya nazi siku hizi. Tulikaa. Nusu ya ratiba yangu niliikata palepale, na alipoondoka alinishika mkono muda mrefu. Nawaambia hili kwa sababu wenzetu wengi wakisikia "mgeni" wanamfikiria Mzungu mwenye kamera. Wanaopita Dar ni pamoja na mfanyabiashara wa Lubumbashi, familia ya Moroni inayokwenda kutibiwa, kijana wa Bukoba anayetoka nchini kwa mara ya kwanza. Kila mmoja ana Dar yake anayoitaka, na kazi yako ni kuijua kabla hamjafika Tazara, makutano ya njiani kutoka uwanjani.

Kutoka Boma fuateni Sokoine kuelekea mashariki. Mtalipita Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kuanzia 1897, kisha mtalifikia la Azania Front na paa lake la vigae vyekundu, nalo la enzi hiyohiyo ya Mjerumani. Ibada ikiendelea, simameni nje. Ikiwa hakuna, ingieni dakika chache kwa utulivu, na baridi ya ndani itamsaidia mgeni aliyetoka kwenye nchi ya theluji.

Hapo mnakata kushoto kupandisha hadi Sanamu ya Askari, kwenye makutano ya Samora. Hapa msikimbie. Waongozaji wengi wanasema "hii ni sanamu ya askari wa Vita vya Kwanza" na kuendelea, wakati mgeni yuko mbele ya habari nzito kuliko zote katikati ya mji. Mahali hapa palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliiondoa, na mwaka 1927 wakaweka hii ya shaba iliyochongwa na James Alexander Stevenson: Mwafrika mwenye bunduki, singe yake imeelekea bandarini. Chini yake kuna maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mwenyeji wa Nairobi au Mombasa mkumbushe kwamba kwao nako kuna sanamu za kumbukumbu hiyohiyo, za mchongaji huyohuyo. Kisha mweleze habari za wapagazi. Vita ile ya Mjerumani na Mwingereza ilibebwa mabegani mwa watu wetu, na wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi ni wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Majina yao hayapo pale. Mimi hili nalisema kila mara, kwa sauti ya kawaida, tukiwa tumesimama pembeni ya barabara na si kwenye kisiwa cha katikati, kwani magari pale hayana subira.

Baada ya hapo Samora inawapeleka moja kwa moja hadi Bustani ya Mimea, na jirani yake Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Muda wa ndani usizidi dakika arobaini, na vyumba viwili vinatosha. Cha kwanza ni cha chimbuko la binadamu, kwa ajili ya Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, la zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Cha pili ni cha magari ya viongozi, pamoja na Rolls-Royce. Mjerumani akikuuliza kuhusu mjusi mkubwa wa Tendaguru, yaani dinosaria, mwambie mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, na leo anasimama Berlin. Atajua la kwenda kutafuta akifika kwao.

Dereva awe nje ya makumbusho robo saa kabla ya muda. Hapo ndipo pa dafu. Muuzaji alipasue mbele ya macho yenu, mgeni anywe papo hapo. Chakula kizito sikipendekezi kwa mtu anayekwenda kukaa kwenye ndege kwa muda wa saa nane, lakini akisisitiza, iwe wali wa nazi na samaki uliotoka jikoni ukiwa wa moto. Kachumbari aiache kama tumbo lake halijaizoea.

Anayetua alfajiri mgeuzieni njia. Aanze na soko la samaki la Feri, wakati mnada umechangamka na ngarawa zinaingia, ndipo aje mjini. Avae viatu vya kufunika, na simu ikae mfuko wa mbele. Ikulu iko jirani na hairuhusiwi kupigwa picha. Mwambieni mgeni mapema, msingoje askari amwambie. Watu wa sokoni nao huombwa ruhusa kwanza. Kwenye Samora, simu isishikwe upande wa barabara, maana wapo wanaopora wakiwa juu ya pikipiki.

Kariakoo mtaombwa sana. Kataeni. Naipenda Kariakoo, kanga zangu zote natoa huko, lakini kuingia ni rahisi na kutoka na gari mchana huwezi kukupangia dakika. Anayetaka kanga mnunulieni duka la Posta, hata kama bei inazidi kidogo. Coco Beach na wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay ni kwa mwenye saa tisa na kuendelea. Huyo mpitisheni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, ale mihogo ya kukaanga yenye pilipili akiangalia bahari, aone picha za rangi za mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Picha ndogo inayokunjwa huingia kwenye begi la mkononi.

Sasa barabara. Tangu lile daraja la juu la Mfugale lifunguliwe Tazara mwaka 2018, Barabara ya Nyerere imepata nafuu, ila haijawa nyepesi. Asubuhi foleni inaingia mjini, jioni inatoka. Kuanzia saa kumi hadi saa moja usiku, Posta inamwagika yote kwa pamoja. Ndege ikiwa ya saa nne usiku, ondokeni Posta saa tisa alasiri, mle na kupumzika maeneo ya karibu na uwanja. Kuna siku msafara wa kiongozi unapita na trafiki wanafunga barabara bila taarifa. Ndiyo sababu ya ile saa nzima niliyoiweka. Njia yangu ya akiba ni Uhuru hadi Buguruni, kisha Mandela hadi Tazara. Mvua ikinyesha, ongezeni nusu saa bila kubishana. Jumapili Posta ni tupu, na mnaweza kupata dakika ishirini za ziada. Ijumaa mchana jihadharini na mitaa ya misikiti.

Bei iafikiwe kabla mgeni hajaingia garini, kwa shilingi, na itamkwe wazi kama viingilio vimo au havimo. Msimpitishe kwenye duka la vinyago kwa ajili ya kamisheni yenu. Mtu mwenye saa mbili ukimnyang'anya nusu saa dukani, umemwibia, hata kama alitabasamu na kununua.

Mkirudi uwanjani, kabla hajashuka, ataje mwenyewe akiwa ameshika: pasipoti, simu, kadi, pasi ya ndege. Dereva akague kiti cha nyuma na chini yake. Wewe mlangoni hupiti bila tiketi, kwa hiyo mwache na namba yako na mwombe akutumie ujumbe akishagongewa muhuri wa kutoka. Mpaka ujumbe huo uingie, gari lisiondoke maegeshoni. Ndege ikiwa imesogezwa mbele, piga hesabu upya tangu mwanzo kwa saa mpya, kutoka mwisho kurudi nyuma, umwambie kama zinatosha kutoka tena au hazitoshi.