Kuongoza atomu ya viwango viwili kwa mapigo mafupi ya mwanga: mwongozo kwa mwenye kompyuta tu

Mwongozo huu nimeuandaa kwa wanafunzi ninaowafundisha fizikia hapa Chumageni, Tanga, ambao hawana leza ya mapigo mafupi lakini wana kompyuta mpakato yenye Python, na hiyo inatosha kwa kazi hii.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba atomu yako inaweza kweli kuhesabiwa kuwa na viwango viwili tu vya nishati. Tutumie rubidi, ambayo hufyonza mwanga wa nanomita 780 na kubaki katika kiwango cha juu kwa wastani wa nanosekunde 26 kabla ya kushuka yenyewe. Pigo la pikosekunde chache huisha mapema mno kuliko muda huo, kwa hiyo mshuko huo tunaupuuza. Hata hivyo, ufupi nao una mpaka. Rubidi ina mstari mwingine, yaani rangi nyingine ya mwanga inayoifyonza, kwenye nanomita 795, ambao masafa yake yanatofautiana na ya ule wa kwanza kwa takriban terahezi 7, ilhali pigo la femtosekunde 50 lina upana wa masafa unaokaribia terahezi 9, hivyo litagusa mistari yote miwili na kuiharibu hesabu kabla hujaianza.

Hatua ya pili ni milinganyo. Hali ya atomu huelezwa kwa namba changamano mbili, a kwa kiwango cha chini na b kwa cha juu, na mraba wa ukubwa wa kila moja ndio uwezekano wa kuikuta atomu katika kiwango hicho. Masafa ya leza yakilingana barabara na ya atomu, kasi ya badiliko la a ni −i(Ω/2)b, na ya b ni −i(Ω/2)a. Ω ni masafa ya Rabi, yenye jina la mwanafizikia Isidor Rabi, nayo huongezeka sawia na uga wa umeme wa mwanga.

Hatua ya tatu ndiyo inayobeba kazi yote: kukokotoa θ, yaani eneo lililo chini ya mchoro wa Ω dhidi ya muda. Kwa atomu iliyoanzia chini, uwezekano wa kuikuta juu baada ya pigo ni sin²(θ/2), liwe pigo la umbo la mstatili au la kengele. Kwa kengele ya Gauss, eneo ni kilele cha Ω mara σ mara √(2π), σ ikiwa kipimo cha upana wa kengele kwa muda; kwa hiyo σ ikiwa pikosekunde 1, pigo la π, yaani lenye θ sawa na π, linahitaji kilele cha takriban radiani 1.253 kwa pikosekunde. Kuzidisha mwanga hapa si kama kuzidisha maji katika pipa, kwa kuwa ukishapita π, mwanga uleule uliopandisha ndio unaoshusha. Wengi hukwama kwenye nguvu ya leza, ambayo hufuata mraba wa uga: anayeiongeza maradufu akitarajia 2π atapata π√2 tu, na uwezekano wa asilimia 63 hivi utabaki juu. Kufika 2π kunataka nguvu mara nne.

Hatua ya nne, kokotoa kutoka pikosekunde −5 hadi 5 kwa vipande vya 0.01, ukitumia njia ya Runge-Kutta ya daraja la nne, ambayo hutatua milinganyo ya namna hii kwa hatua ndogondogo. Njia ya Euler iepuke, kwani kwa pigo hili huifikisha jumla ya uwezekano kwenye 1.007 hivi, nayo inapaswa kubaki 1.

Hatua ya tano, ongeza −iΔb katika mlinganyo wa b, Δ ikiwa masafa ya atomu kutoa ya leza. Sasa kanuni ya eneo haitoshi tena, na umbo la pigo lina maana: kwa pigo la mstatili lenye Δ sawa na Ω, hakuna urefu wowote utakaoivusha atomu zaidi ya nusu.

Mwisho, rudisha Δ kwenye sifuri, tumia mapigo mawili ya π/2 yaliyoachana kwa pikosekunde 12, na uzidishe Ω ya pigo la pili kwa e^(iφ), φ ikiwa pembe ya awamu kati ya mapigo hayo mawili, ukikumbuka kwamba mlinganyo wa a huchukua Ω iliyogeuzwa alama ya sehemu yake ya kufikirika. Chora uwezekano wa juu dhidi ya φ. Kilele kisipofika 1, eneo la mapigo si π/2. Bonde lisipogusa 0, mapigo hayalingani. Na bonde likihama kutoka π, kuna Δ iliyosahaulika ndani ya programu.