Ada za nyaraka za ukoo serikalini: unalipia nini, na nini upate bila kulipa

Ofisi ya serikali inayotunza kumbukumbu za watu hutoza fedha kwa kazi tatu tofauti, na wengi wanaoanza kutafiti ukoo wao huzichanganya. Kuna ada ya kutafutiwa: ofisa anapekua faharasa (orodha ya majina inayoonyesha rekodi ilipo) au madaftari kuangalia kama jina lipo. Kuna ada ya kutolewa nakala ya kilichopatikana. Halafu kuna ada ya kuithibitisha nakala hiyo kwa mhuri na sahihi ili ikubalike mahakamani au kwenye ombi la pasipoti. Ya kwanza ndiyo inayoumiza, kwa sababu kwa kawaida hairudishwi hata jina lisipoonekana. Ofisa amefanya kazi ileile, awe amepata au amekosa.

Kwa hiyo mahali pa kuokoa fedha ni kabla ya kulipa: fikisha ombi ambalo karibu limeshajijibu lenyewe.

Karatasi moja kwa kila mtu

Kabla ya kujaza fomu yoyote, tenga karatasi kwa kila unayemtafuta. Andika majina yake yote, yakiwemo la ubatizo, la utotoni na la baada ya ndoa, mwaka na mahali alipozaliwa, alipooa au kuolewa na alipofariki, majina ya wazazi, ya mwenzi wake na ya ndugu zake, dini, kazi. Pembeni ya kila jambo andika umelipata wapi. Neno la shangazi na maandishi ya kwenye kaburi havina uzito sawa, na pale viwili hivyo vinapopingana ndipo utahitaji kujua kipi kilitoka wapi.

Mwaka usiokuwa na uhakika nao uandike kama kipindi, mfano 1921–1926, usijilazimishe kutaja mmoja. Ofisi nyingi hupekua mwaka uliotajwa na miaka michache kandokando yake kwa ada moja. Ukikosea kwa miaka 6 unalipa upya. Kuhusu majina, weka orodha ya tahajia zote unazoweza kuzifikiria. Karani aliandika alivyosikia, mara nyingi kwa masikio ya lugha nyingine, na mtu mwenyewe pengine hakujua kusoma ili amsahihishe. Mahali napo pataje kwa ngazi ya chini kabisa uliyonayo, kisha angalia wilaya hiyo ilikuwa chini ya mamlaka gani mwaka ule. Mipaka huhama, na madaftari hubaki kwenye ofisi ya zamani.

Faharasa kwanza, ofisi baadaye

Faharasa nyingi siku hizi zinasomwa bure kwenye intaneti. Tovuti ya FamilySearch ina mabilioni ya majina na haitozi chochote, ingawa baadhi ya picha zake hufunguka tu ukiwa kwenye vituo vyao. Norway imeweka sensa na vitabu vya kanisa bure kwenye Digitalarkivet. Sensa za Ireland za 1901 na 1911 ziko bure kwenye tovuti ya hifadhi yao ya taifa. Uskoti hukuruhusu kutafuta jina bure na kukutoza unapofungua picha.

Lengo la hatua hii ni kupata namba ya rejea. Ukiwa nayo ofisa haendi kupekua, anakwenda kuchukua. Inakili herufi kwa herufi, pamoja na nukta na mikwaju. Kwa vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales, vilivyoanza kusajiliwa kitaifa tarehe 1 Julai 1837, rejea ni mwaka, robo ya mwaka, wilaya, juzuu na ukurasa. Hapo pana mtego: robo hiyo ni ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa. Wazazi walipewa siku 42 za kusajili mtoto, hivyo aliyezaliwa Desemba anaweza kuonekana kwenye faharasa ya mwaka unaofuata. Wapo wanaolipia utafutaji mara mbili kwa sababu ya wiki hizo 6.

Idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, inaonyesha vizuri thamani ya namba ya jalada. Mpango wake wa utafiti wa nasaba una hatua mbili, kila moja na ada yake: kwanza kutafutiwa kwenye faharasa, kisha kuomba jalada lenyewe. Anayejua tayari namba sahihi ya jalada anaruka hatua ya kwanza na ada yake. Tena, tangu Aprili 2024, kila hatua inagharimu dola 30 ukiomba kwa mtandao na dola 80 ukituma fomu ya karatasi. Ni huduma ileile. Kabla ya kutuma bahasha popote, angalia kama kuna njia ya mtandao.

Swali la nani alikuwa na rekodi hiyo wakati ule

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo soma taratibu.

Rekodi haizaliwi kwenye hifadhi ya taifa. Imezaliwa kwenye ofisi fulani, kwa sheria fulani, kuanzia tarehe fulani, na mara nyingi imeandikwa zaidi ya mara moja. Ukijua historia hiyo utajua pa kuomba na pa kutoomba. Chukua uraia wa kuandikishwa wa Marekani. Kabla ya tarehe 27 Septemba 1906, mahakama yoyote yenye masijala iliweza kumpa mgeni uraia, na karatasi zilibaki hapohapo mahakamani. Serikali kuu ilianza kutunza nakala yake siku hiyo. Basi mtu anayelipa USCIS imtafutie uraia wa 1898 amenunua jibu la "hakuna", na jibu hilo lilijulikana kabla hajalipa. Upande wa pili, kwa uraia wa baada ya 1906 kuna nakala mbili: ya mahakama, ambayo mara nyingi imehamia hifadhi ya nyaraka na huenda imeshapigwa picha, na ya serikali kuu. Tafuta kwanza ile iliyo rahisi kufikiwa.

Mantiki hii inafanya kazi nchi yoyote. Ndoa ya kanisani huweza kuwa kwa msajili na kwenye kitabu cha parokia. Mirathi ina jalada mahakamani na pengine tangazo kwenye gazeti la serikali. Askari ana jalada la jeshi na pia la malipo ya uzeeni. Kabla ya kulipa, iandikie ofisi maswali matatu, kwani kuuliza ni bure: Je, madaftari ya miaka hii bado yapo? Kama yamehamishwa, yako wapi? Je, yamepigwa picha au kuwekewa faharasa?

Swali la kwanza si la kupoteza muda. Sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika karibu yote baada ya moto wa Januari 1921. Ya England na Wales ya 1931 iliungua Desemba 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Moto wa tarehe 12 Julai 1973 huko St. Louis uliteketeza majalada ya wanajeshi wa Marekani kati ya milioni 16 na 18, wengi wao wa jeshi la nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Kwa hao waliounguliwa, kituo kinachotunza majalada hayo hujenga upya taarifa kutoka karatasi nyingine, zikiwemo hati za malipo ya mwisho. Anayeomba "jalada la utumishi" peke yake huambiwa limeungua. Anayeomba jalada au nyaraka mbadala hupata kitu.

Kipindi cha kufungwa, na uthibitisho wa kifo

Nchi nyingi huzifunga kumbukumbu binafsi kwa miaka kadhaa. Sensa ya Marekani hufungwa miaka 72, hivyo ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022. Kanada ni miaka 92. Ya England na Wales ni 100. Ujerumani hufunga vizazi kwa miaka 110, ndoa 80 na vifo 30. Uholanzi ni 100, 75 na 50. Utaona vifo hufunguka mapema kuliko vizazi, na cheti cha kifo mara nyingi kinataja umri, mahali pa kuzaliwa na wakati mwingine wazazi. Cheti cha kuzaliwa cha babu kikiwa kimefungwa, anza na cha kifo chake, au na cha kaka yake mkubwa.

Kufungwa hakumaanishi umekataliwa. Sheria nyingi zinamlinda aliye hai, kwa hiyo ukithibitisha kwamba mtu amefariki, mlango hufunguka. USCIS hudai uthibitisho huo kwa yeyote aliyezaliwa chini ya miaka 100 iliyopita. Orodha ya wakazi wa England na Wales ya 1939 huficha mistari ya watu wa umri kama huo mpaka kifo chao kithibitishwe. Cheti cha kifo ndicho bora. Ofisi nyingine hukubali tangazo la mazishi la gazetini au picha ya kaburi yenye tarehe. Uambatanishe na ombi la kwanza. Ukiusahau, ombi linarudi, na huko nyuma foleni inaanza upya.

Kama majina ya wazazi nayo yanaonekana kwenye hati unayoomba, huenda ukatakiwa kuthibitisha vifo vyao pia, la sivyo hati itakuja na mistari iliyofutwa kwa wino mweusi. Na palipo na haki ya ndugu wa karibu, taja uhusiano wako kwa mnyororo wa vyeti: chako, cha mama, cha bibi. Kiungo kimoja kikikosekana, mnyororo hauna kazi.

Sheria za haki ya kupata taarifa ni njia nyingine, hasa kwa majalada ambayo hayajafika hifadhini. Ile ya Marekani ya 1966 inampa mwombaji wa kawaida saa 2 za utafutaji na kurasa 100 za nakala bila malipo, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi, ingawa majalada mazito huchelewa kuliko hapo. Kwa nchi yoyote, weka sentensi hii kwenye barua: "Niko tayari kulipa hadi kiasi hiki, gharama ikizidi, naomba niarifiwe kwanza." Inakulinda dhidi ya hati ya madai usiyoitarajia.

Nakala ipi uombe

Kwa utafiti, usilipie mhuri. Omba nakala isiyothibitishwa, na ikiwezekana picha ya ukurasa wenyewe wa daftari. Cheti kilichochapwa upya kinabeba makosa ya aliyechapa na kinaacha maelezo ya pembeni. Kwenye madaftari ya Ufaransa, pembeni mwa kizazi huandikwa ndoa ya mtu huyo tangu 1897 na kifo chake tangu 1945, hivyo ukurasa mmoja unakupa maisha mazima. Na ofisi za huko hazitozi kitu kwa hati hizo. Epuka pia cheti kifupi: ni nafuu, lakini mara nyingi hakina majina ya wazazi, ambayo ndiyo uliyokuwa ukiyatafuta.

Ukiweza kwenda mwenyewe, nenda. Vyumba vya kusomea vya hifadhi nyingi za taifa ni bure. Kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, pale Kew, London, kadi ya msomaji hutolewa bila malipo kwa kitambulisho na uthibitisho wa makazi, na unaweza kupiga picha kwa kamera yako. Agiza majalada kabla ya siku yenyewe, maana mengine yako kwenye maghala ya mbali. Beba penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi. Piga picha ya jalada la nje lenye namba kwanza, kisha kurasa zote kwa mfuatano, hata zinazoonekana tupu, kwa kuwa nyuma yake mara nyingi pana mhuri wa tarehe.

Jibu likija tupu

Weka daftari la maombi: tarehe, ofisi, ulichoomba, ulicholipa, namba ya stakabadhi. Barua ya "hakuna" ikifika, usiitupe na usilipe upya siku hiyohiyo. Andika kuuliza walitafuta jina gani, kwa tahajia zipi, miaka ipi na kwenye madaftari gani. Mara nyingi utagundua walitafuta tahajia moja tu, ile ya juu kwenye fomu. Ombi la pili lianze pale la kwanza lilipoishia: tahajia nyingine, miaka ambayo haijapekuliwa, au ndugu mwingine wa tumbo moja.