Jinsi ya kufufua ukingo wa mto huko viwandani bila kufukuza wenye mtaa

Kama unakaa karibu na mto Ngong hapa Nairobi, pale unapopita Industrial Area ukiingia Mukuru, unajua nazungumzia nini. Maji yana rangi ya leo na rangi ya kesho, godauni zingine zilifungwa kitambo zikabaki kuta tu, na kati ya hizo kuta na maji kuna kipande chembamba kimejaa taka. Kwenye hicho kipande kuna kijana anaosha magari, kuna mwingine anachambua plastiki na vyuma kuukuu, kuna mama amepanda sukuma wiki. Watu wengi wakifika hapo wanawaza kusafisha tu. Mimi nasema anza na hao watatu, maanake mpango ambao hauna nafasi yao ni mpango wa bustani ya mtu mwingine, na wa kwanza kuondolewa watakuwa wao.

Lakini kabla hujaita mkutano wowote, tembea mto. Chukua watu wachache wa mtaa, wakiwemo angalau mama wawili na kijana anayejua vichochoro, vaeni gamubuti, mwanzie juu mkishuka. Kwa mto Ngong unaweza kuanzia Nairobi Dam, lile bwawa la 1953 ambalo siku hizi limejaa magugu na tope, ukashuka hadi kwenu. Kila bomba linalotoa kitu mtoni lipigwe picha na location iwe on, andika ni la godauni gani, maji yana harufu gani, ilikuwa saa ngapi. Angalia pia manholi. Mabomba makubwa ya maji taka Nairobi yamefuata mabonde ya mito kwa sababu maji taka yanashuka yenyewe bila pampu, kwa hivyo manholi moja ikiziba mzigo wote unaingia mtoni, na unaweza kuzoa taka kila Jumamosi mwaka mzima na mto usibadilike hata kidogo. Hiyo ya manholi mara nyingi ndio ushindi rahisi wa kwanza, unaripoti kwa kampuni ya maji ya Nairobi, unachukua namba ya ripoti, unafuatilia hadi waje.

Rudi tena usiku, rudi tena mvua ikinyesha. Mwenye tabia mbaya anaachilia uchafu wakati hakuna anayeangalia ama wakati mvua itabeba kila kitu.

Sasa watu. Usianze na mkutano mkubwa kwa uwanja, huko wanaongea wale wale. Pita kwa mmoja mmoja pale ukingoni uliza maswali ya kawaida: unafanya nini hapa, umekaa muda gani, unalipa nani, ukiambiwa uhame kesho utaenda wapi. Andika yote. Hiyo orodha ni ya thamani kuliko mchoro wowote wa msanifu, kwa sababu siku mradi mkubwa ukija na pesa, swali la kwanza litakuwa nani alikuwa hapa, na asiye kwenye orodha hayupo.

Kwa namna ya kupanga watu, Mukuru wenyewe wana mfano mzuri sana na inaniuma kuona watu wa nje wanakuja na mbinu zao kama hakuna kitu. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango. Ilikuwa ardhi ambayo nyingi ilikuwa imegawiwa watu binafsi wajenge viwanda, viwanda havikujengwa, wananchi wakajenga makao. Karibu familia 100,000. Muungano wa Wanavijiji, ule muungano wa wakaazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao hawakuita hao wote kwa uwanja, walipanga nyumba kumi kumi, kila kumi wana kikundi chao na mwakilishi, alafu hivyo vikundi kumi vinaungana kuwa kimoja kikubwa, maoni yanapanda ngazi hadi ngazi mpaka kwa wapimaji na wachoraji. Kwa ukingo mmoja wa mto huhitaji ngazi zote hizo lakini kanuni ni ile ile, hata yule mama ambaye hasemi mbele ya watu mia atasema mbele ya watu kumi. Na wapangaji wawe ndani, sio wenye nyumba peke yao.

Katika hivyo vikao uliza kitu kimoja kabla ya vingine vyote: maji yalifika wapi? Uliza wazee kuhusu El Niño ya 1997, uliza kila mtu kuhusu Aprili 2024. Tembea na mzee akuonyeshe kwa kidole, hapa kwa hii nguzo, hapa kwa dirisha la huyu, na wewe uko na kopo la rangi unachora mstari pale pale kwenye ukuta ama mabati. Ukimaliza mtaa mzima una ramani ya mafuriko ambayo hakuna atakayekubishia. Chini ya huo mstari usijenge kitu cha kulala mtu, usiweke stoo, usiweke choo. Weka njia ya kutembea, miti, uwanja wa watoto, vitu ambavyo maji yakipita juu yake vinaoshwa tu na maisha yanaendelea.

Kuhusu sheria nitaenda haraka ila usiruke. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilisema eneo la ukingo ni kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, ikihesabiwa kutoka mahali maji yalifika juu zaidi. Watu wengi wanajua ile 30 peke yake, kwa sababu ndio iliyotumika baada ya mafuriko ya 2024 nyumba zikibomolewa Mathare na Mukuru, na familia nyingi ziliondoka na godoro tu. Kwa hivyo nenda kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, omba waje wapime na kuweka alama rasmi, na mwakilishi wenu awepo siku ya kupima. Kujenga chochote ndani ya hiyo alama kunataka kibali chao. Tafuta pia ardhi ni ya nani kupitia Ardhisasa, mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, maanake kuna viwanja hati yake inafika hadi majini na mwenyewe yuko ng'ambo. Alafu sajilini kikundi kwa ofisi ya huduma za jamii chini ya sheria ya vikundi ya 2022, mnahitaji watu wasiopungua 10, katiba na kumbukumbu za kikao. Bila cheti hakuna atakayewapa barua, na bila barua askari wa kaunti anaweza kuwavunjia kazi ya miezi kwa asubuhi moja.

Udongo jamani. Hili watu hulipuuza na ndilo linaumiza watoto. Ukingo wa viwandani umemwagiwa mafuta, rangi, asidi ya betri, miaka na miaka. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa la Dandora, nusu yao walikuwa na madini ya risasi (lead) kwenye damu ya kiwango cha juu kuliko kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. Sasa wewe ukipanda sukuma kwa udongo kama huo unalisha mtaa sumu. Chimba sampuli sehemu kadhaa, juu na chini kidogo, peleka maabara ya KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Kabete ama chuo kikuu, ulizia vipimo vya metali nzito, hasa risasi. Kabla majibu yarudi usiruhusu uwanja wa watoto wala shamba la mboga. Ikionekana kuna shida, mahali pa watoto letea udongo msafi kutoka nje uwekwe juu kwa kina cha kutosha, na yule mama wa sukuma atengenezewe magunia ya kupandia juu ya ardhi yenye udongo wa kununua na maji ya mfereji. Asiambiwe tu aache. Ukimwambia aache bila kumpa mbadala atarudi usiku, na atakuwa na haki.

Kwa miti, karibu na maji panda mianzi na nyasi za vetiva zishike udongo, juu kidogo weka mikuyu na mukinduri. Mikalitusi usilete karibu na mto, inakunywa sana. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu pale Muguga, wana miche ya mianzi na watakushauri aina inayofaa. Panda mvua ya Machi ikianza kushika, kazi ya kuchimba na mawe ifanywe Januari na Februari mto ukiwa chini.

Mahali ukingo unamomonyoka utahitaji gabioni, zile kapu za waya zenye mawe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona nyingi zimelala mtoni mvua ya kwanza tu. Kapu la kawaida ni mita 2 kwa 1 kwa 1. Msingi uchimbwe chini ya sakafu ya mto, usiliweke juu ya tope, maji yatakula chini yake na litainama mbele. Nyuma yake kati ya mawe na udongo kuwe na kile kitambaa cha kuchujia, la sivyo udongo unatoka polepole kupitia mawe na nyuma kunabaki shimo. Mawe hayamwagwi kwa wilbaro, yanapangwa kwa mkono, yenye uso bapa yanakaa nje, madogo yanajaza katikati. Ukifika theluthi ya kimo cha kapu simama, funga waya unaovuta uso wa mbele na wa nyuma pamoja, alafu endelea, theluthi ya pili hivyo hivyo, ndio kapu lisitoe tumbo. Hii ni kazi ambayo vijana wa mtaa wanajifunza haraka wakiwa na fundi mmoja mzuri, na ni ujuzi wataenda kuuza kwingine, kwa hivyo usikubali mkandarasi aje na watu wake wote kutoka nje. Iandikwe kwenye mkataba, vibarua ni wa hapa, malipo ni kwa simu kila Ijumaa.

Sasa jambo ambalo linaua miradi mingi. Mwaka 2008 waziri wa mazingira John Michuki alisafisha mto Nairobi pale karibu na raundi ya Globe, watu wakashangaa maji yanaonekana, miti ikapandwa, pakaitwa jina lake. Yeye alifariki 2012. Mahali pakarudi kuwa gereji na jaa, hadi 2020 pakasafishwa tena upya. Waliosafisha hawakuwa na ubaya wowote, ila hapakuwa na mtu ambaye kipato chake kilitegemea mahali pale pabaki pasafi. Linganisha na Korogocho ambapo vijana wa Komb Green kuanzia 2017 waligeuza jaa la kando ya mto kuwa bustani, na wako hapo wanaishi hapo, mtu akimwaga taka anaonwa na anajulikana ni mtoto wa nani. Kibera nako, shirika la KDI na vikundi vya wenyeji wamejenga viwanja vya umma kando ya mto Ngong tangu 2006, na karibu kila kimoja kina kitu cha kuingiza pesa ndani yake, choo, mfereji wa maji, mahali pa kufulia, vibanda, ukumbi.

Kwa hivyo chora pesa ya matengenezo kabla hujachora maua. Choo cha kulipia kilichounganishwa na bomba la maji taka, juu ya ule mstari wa rangi. Banda la kukodisha kwa vyama na harusi. Kijana wa kuosha magari abaki, ila apewe sakafu ya saruji na mtego wa mafuta ili maji yake yasiende mtoni. Wachambua plastiki wapewe kibanda chenye mizani, wao ndio watu pekee wanaopunguza taka kila siku bila kulipwa na yeyote. Pesa iingie kwa till ya kikundi, watia sahihi watatu, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi mahali kila mtu anapita.

Na viwanda vinavyofanya kazi bado? Anza kwa heshima, peleka barua na picha kwa meneja, wengine watarekebisha kweli na hata watatoa mawe. Asipojibu, tumia sheria ya kupata habari ya 2016, andikia NEMA, mamlaka ya mazingira, uombe nakala ya leseni yake ya kutoa maji machafu, wana siku 21 kujibu, wakinyamaza peleka kwa Ombudsman, ile tume ya malalamiko ya wananchi. Katiba kifungu cha 42 na cha 70 zinakuruhusu kwenda mahakamani bila hata kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa walifanya hivyo kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha risasi, 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa zikawazungusha hadi Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha hukumu. Ni safari ndefu, ndio maana zile picha na tarehe za siku ya kwanza ya kutembea mto zihifadhiwe sehemu mbili tofauti, sio kwa simu ya mtu mmoja ambayo itaibiwa kwenye matatu.

Tangu 2025 serikali nayo iko mtoni na mradi wake mkubwa wa mto Nairobi, vijana wengi wameajiriwa kupitia mpango wake wa ajira, Climate WorX. Ukisikia wanafika upande wenu, usingoje waje na ramani yao. Wapelekee yenu ikiwa na ule mstari wa mafuriko, majina ya walioko ukingoni na mahali kila mmoja atasogezwa, na mhuri wa chifu kwenye barua ya kuipokea.