Barua taka kwenye akaunti ya nyumba ya wageni: okoa kwanza, fagia baadaye

Ukifungua Gmail ya nyumba ya wageni Jambiani au Nungwi, Zanzibar, asubuhi unakuta mkopo wa haraka, muuza paneli za jua, "mrithi" anayetafuta mshirika, na katikati yao mgeni anayeuliza vyumba viwili vya Agosti. Takataka hizo zinaudhi tu. Hasara inaletwa na barua ya mgeni iliyoangukia folda ya Spam (ya barua taka), ikakaa humo mpaka Gmail ikaifuta yenyewe baada ya siku 30. Ndiyo maana kazi inaanzia huko.

Tumia kompyuta. Programu ya Gmail ya simu haitengenezi vichujio (filters), yaani kanuni za kuipangia Gmail ifanye nini na barua fulani.

1. Okoa zilizopotea. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika:

in:spam (booking OR reservation OR room OR Jambiani)

Weka jina la kijiji chako. Kama unapokea Wataliano wengi, ongeza *camera* na *prenotazione*. Kwa Wafaransa, *chambre*. OR iwe kwa herufi kubwa, la sivyo Gmail itaichukulia kuwa neno la kawaida. Ukikuta barua halali, ifungue ubofye "Report not spam". Msimu wa wageni fanya hivi kila siku. Masika, mara moja kwa wiki yatosha.

2. Tengeneza kichujio cha wageni. Bofya alama ya vistari iliyo upande wa kulia wa kisanduku cha kutafutia. Kwenye "From" andika:

guest.booking.com OR airbnb.com

Bofya "Create filter", tia alama kwenye "Never send it to Spam" na kwenye "Apply the label", chagua "New label" uiite Wageni, kisha "Create filter" tena.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wengine huongeza gmail.com ili wasimkose mgeni yeyote, na mlango unakuwa wazi kwa kila tapeli mwenye akaunti ya bure. Tena kichujio hakimthibitishi mtu: anayejiita airbnb.com kwenye sehemu ya jina, huku anwani yake ikiwa nyingine kabisa, anaweza kupita. Gmail ikiwa na shaka na barua iliyopitishwa na kichujio, huweka juu yake ujumbe kwamba haikupelekwa Spam kwa sababu ya kichujio chako. Ukiuona ujumbe huo, usibofye kiungo chochote ndani. Fungua ukurasa mpya, andika mwenyewe anwani ya tovuti, uangalie kama oda ipo.

3. Sasa fagia, lakini kila taka na fagio lake. Papasi wa bandarini, yule dalali anayewavizia watalii, anajulikana: ukimjibu, hata kwa kumwambia hutaki, ameshajua unazungumzika. Barua ya mtu usiyemjua ni hivyo hivyo. Usijibu, wala usibofye "unsubscribe" iliyo chini ndani ya barua. Bofya "Report spam" basi. Kumfungia mtumaji kwa "Block" hakusaidii sana, maana kesho anakuja na anwani nyingine.

Kampuni uliyowahi kununua kwake ni jambo tofauti. Tumia neno "Unsubscribe" ambalo Gmail yenyewe inaliweka juu, kando ya jina la mtumaji. Ukiiripoti kampuni ya boti kwa sababu ya matangazo yake, usishangae tiketi yako ijayo ikitua Spam.

4. Zima picha. Settings, "See all settings", "General", "Images": chagua "Ask before displaying external images", kisha shuka mpaka chini ubofye "Save Changes" (wengi husahau). Picha ndogo isiyoonekana humwambia mtumaji kuwa barua imefunguliwa. Na bando linapona kidogo.

5. Jua nani anauza anwani yako. Kwenye fomu yoyote jaza jinalako+boti@gmail.com au jinalako+maonesho@gmail.com. Barua zinafika palepale, na taka ikija kwa "+maonesho" umeshamjua mvujishaji. Tengeneza kichujio kwenye "To" kinachofuta. Fomu nyingine hukataa alama ya kujumlisha.

6. Kama una kikoa chako (domain, yaani anwani yako mwenyewe ya mtandaoni badala ya gmail.com), hakikisha majibu yako nayo hayageuki taka kwa mgeni. Kwenye DNS (mipangilio ya kikoa, kwa kampuni inayokihifadhi), kama barua zote za kikoa zinatumwa kupitia Google, weka rekodi ya TXT ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Iwe moja tu. Fundi wa tovuti akiongeza ya pili inayoanza na v=spf1, ukaguzi wa SPF unashindwa kwa zote mbili; seva ya tovuti inaongezwa ndani ya mstari huohuo, kabla ya ~all. Ukimaliza, jitumie barua kwenye Gmail nyingine, fungua vidoti vitatu, "Show original", uangalie mbele ya SPF: inatakiwa isome PASS.