Weka neno la utambulisho katika tangazo lako
Anayetangaza huduma katika gazeti dogo linalosomwa na wakazi wa Shangani, Mtwara, aandike katika kila toleo neno moja tofauti ambalo mteja atalitaja ili apate punguzo, kwa mfano "korosho" wiki hii na "Msimbati" wiki ijayo, kisha aweke hesabu katika daftari. Nimelijaribu hili katika kazi yangu ya kutengeneza viyoyozi, ambavyo kule ufukweni huliwa haraka na kutu kwa sababu ya upepo wa chumvi. Neno hilo humwonyesha mwenye tangazo ni toleo lipi lililomletea wateja, asibaki kukisia kwa kutazama ukubwa wa nafasi aliyoilipia. Punguzo lenyewe lisiwe kubwa. Wenye nyumba za huko, kwa uzoefu wangu, hujali zaidi fundi anayefika saa aliyoahidi. Mbinu hii hushindwa pale anayepiga simu anapokuwa mlinzi au msaidizi wa nyumbani aliyepewa namba tu bila kuliona gazeti. Huyo aulizwe moja kwa moja bosi wake aliipata wapi.